Dhoruba ya Usiku Ziwani: Somo kwa Watoto wa Mialoni na Wengineo



Wengi wenu mnaosoma jarida hili ni watoto wa mialoni. Baba, kaka au mjomba huondoka baada ya Magharibi na taa zake na nyavu zake, na hurudi kumekucha. Somo letu la safari hii linahusu jambo linaloweza kumkuta mtu huyo akiwa kazini, mahali pasipo na paa wala ukuta, nalo ni dhoruba ya radi katikati ya Ziwa Victoria. Tutaanza na sababu, kisha tuje kwenye la kufanya, kwa kuwa aliyefahamu sababu hasahau upesi.

Swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi anapaswa kujiuliza ni hili: kwa nini dhoruba za ziwani huja zaidi usiku?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Maji mengi kiasi hicho hayapati joto haraka wala hayapoi haraka. Mchana jua huichoma nchi kavu, hewa iliyo juu ya ardhi hupata joto na kupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Ndiyo maana alasiri mawingu mazito huonekana juu ya vilima, na huku katikati ya ziwa anga ni safi. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake la nyuzi 25 hivi, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Sasa zingatieni hapa. Ziwa hili limezungukwa na nchi kavu pande zote. Upepo unatoka upande wa Musoma, mwingine wa Bukoba, mwingine wa Mwanza, na ng'ambo huko wa Kisumu na Entebbe, na yote inaelekea kukutana katikati. Ikikutana haina pa kwenda ila juu. Hupanda na mvuke wa maji ya ziwa yenye joto, na hapo hujengeka wingu refu ambalo huweza kupita kilomita 12 kwenda juu. Wingu hilo ndilo lenye radi, mvua kubwa na upepo mkali.

Mara nyingi wingu hilo hufanya kazi yake kati ya saa nne za usiku na saa tatu za asubuhi. Basi tazameni mvuvi wa dagaa: yeye hutaka usiku usio na mwezi, ili samaki wafuate taa. Mvuvi wa sangara naye hutega makila jioni na kuyavuta alfajiri. Saa za kazi na saa za dhoruba ni zile zile! Hatuwezi kumwambia mvuvi aache usiku, maana ndiko iliko riziki yake.

(Kwa wale wanaopenda jiografia: upepo wa kawaida wa eneo letu hutoka mashariki, hivyo mawingu ya usiku husukumwa kuelekea magharibi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, iliyo upande wa pili wa ziwa hilo hilo, hupata chini ya nusu yake.)

Tuje kwenye dalili. Usiku wingu halionekani, lakini nyota zinaonekana. Zikianza kutoweka upande mmoja, na upande huo ukaanza kumweka, wingu lipo na linakua. Dalili iliyo karibu zaidi ni upepo. Ukiwa umetulia kabisa, kisha ghafla ukaja upepo wa baridi kutoka upande wa wingu, jueni kwamba hiyo ni hewa iliyoporomoka pamoja na mvua kutoka juu na sasa inatambaa juu ya maji, ikiitangulia mvua yenyewe. Upepo huu, kwa maoni yetu, ndio wa kuogopwa kuliko mvua, kwa kuwa humkuta mtu bado amesimama anavuta nyavu, na mtumbwi umelala ubavu.

Kuna na hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mwanga wa radi hutufikia papo hapo, lakini sauti yake huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3. Sekunde 15 ni kilomita 5. Sasa tuchukulie wingu linakwenda kilomita 30 kwa saa, na mtumbwi wenye injini ndogo kilomita 10 kwa saa. Wingu litafika baada ya dakika 10, na katika dakika hizo mtumbwi utakuwa haujamaliza hata kilomita 2. Hesabu hii inatuonyesha kwamba uamuzi wa kurudi hauamuliwi wakati ngurumo inasikika. Huamuliwa wakati wa kumweka kwa mbali, au bora zaidi mwaloni, kabla ya kuondoka, kwa kusikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwani, na ninyi mnaojua kusoma ujumbe wa simu mnaweza kumsomea mzee jioni anapopanga taa zake. Kazi hiyo msiidharau.

Na akishakutwa? Jaketi okozi livaliwe mapema, sio liwekwe chini ya nyavu lije kutafutwa gizani. Wapo wanaosema kuvaa jaketi ni kukosa tawakkul. Huyo huyo husema hivyo baada ya kukalafati mtumbwi wake asiingie maji! Wote waketi chini, katikati ya chombo. Mzigo mzito uwe chini, na nyavu zikiwavuta vibaya zikatwe, nyavu zinanunuliwa. Omo ielekezwe kwenye mawimbi, kwa upande kidogo, injini ikienda polepole, wala chombo kisiachwe kikapigwa ubavuni. Injini ikizima, ndoo au fungu la nyavu lililofungwa kamba omo na kutupwa majini huusaidia mtumbwi kuelekea mawimbi. Maji yatekwe bila kuacha. Mtumbwi ukipinduka, wasiuache. Wa mbao huelea hata ukijaa maji, na mwenye kuogelea kufuata taa za pwani usiku hudanganyika sana kuhusu umbali.

Kuhusu kuswali chomboni kwa anayehofia kuanguka akisimama, huswali ameketi. Hilo mmelisoma katika fiqhi na hatulirudii.

Radi hupenda kilicho juu zaidi, na juu ya maji tambarare kilicho juu ni mtu aliyesimama. Kwa sababu hiyo hiyo mkulima aliyekutwa shambani asikimbilie chini ya mwembe, na mchunga ng'ombe asisimame katikati ya kundi. Nguo nyekundu haiiti radi, wala kioo. Tunalisema hili kwa sababu ya jambo zito kuliko nguo. Katika vijiji vyetu mtu akipigwa na radi, huulizwa nani ameituma, na kidole huelekezwa kwa bibi mmoja mzee anayeishi peke yake. Radi ni umeme unaotoka katika wingu mlilokwisha kulisoma hapo juu. Haina anwani. Mwanafunzi atakayesikia maneno hayo na kunyamaza amelisoma somo hili bure.

Imani nyingine inayoua ni kwamba aliyepigwa na radi asiguswe kwa kuwa bado ana umeme. Hana. Umeme hupita mara moja na kwisha. Aguswe, aangaliwe kama anapumua, na asipopumua apuliziwe hewa mdomoni na kubonyezwa kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Wengi wa wanaopigwa na radi hupona, na wapo ambao wangepona lau mtu angewagusa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ziwa lililozungukwa na nchi kavu hupata dhoruba zaidi usiku?
2. Umeona mwanga wa radi, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 24. Radi iko umbali gani?
3. Muulize mvuvi mmoja wa mwalo wenu dalili anazozitumia yeye, uziandike, kisha uzilinganishe na tulizozitaja. Majibu mazuri yaletwe kwa mwalimu wa zamu.