Seva au Kivinjari? Kupima Njia Mbili za Kuwasilisha Matini za Kiswahili Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha njia mbili za kuunda tovuti: ile ambayo seva huutayarisha ukurasa mzima kabla ya kumpelekea msomaji, na ile ambayo ukurasa huundwa ndani ya kivinjari cha msomaji kwa kutumia viunzi vya JavaScript. Hoja yetu kuu ni kwamba njia ya kwanza ndiyo inayofaa kuwa msingi wa hazina za matini za Kiswahili, na kwamba njia ya pili itumike pale tu kazi yenyewe inapoidai.

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili vyuoni wanaendelea kuhamishia kazi zao mtandaoni: majarida, kamusi, diwani, rekodi za fasihi simulizi na mazoezi ya sarufi. Aghalabu, uamuzi kuhusu jinsi tovuti itakavyoundwa huachiwa fundi, nasi tukabaki kujadili rangi na nembo. Mazoea haya yana hatari. Uamuzi huo ndio unaoamua nani ataweza kuisoma matini, kama itapatikana ikitafutwa, na kama itakuwapo miaka kumi ijayo. Haya si maswali ya ufundi pekee. Ni maswali ya hadhira na ya uhifadhi, mambo ambayo sisi wanafasihi tumeyashughulikia tangu zamani. Makala haya, kwa hivyo, yanamlenga mwanafunzi au mhadhiri ambaye hajui kutunga programu lakini anatarajiwa kuidhinisha kazi ya anayejua.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Seva ni tarakilishi inayohifadhi tovuti na kujibu maombi ya wasomaji. Kivinjari ni programu iliyomo katika rununu au tarakilishi ya msomaji, kama vile Firefox, Chrome au Opera Mini. Wanataaluma wa kompyuta hukiita kifaa cha msomaji mteja, kwa kuwa ndicho kinachoomba huduma. Hapo ndipo yalipotoka maneno "upande wa seva" na "upande wa mteja".

Neno kiunzi si geni kwetu. Tumezoea kiunzi cha nadharia, yaani mihimili inayoushikilia utafiti. Kiunzi cha programu, vilevile, ni mihimili iliyoundwa tayari ambayo mtunzi wa programu huijazia kazi yake badala ya kuanza upya. Viunzi vipo pande zote mbili. Django na Ruby on Rails hufanya kazi katika seva. Angular, Vue na React (ingawa waundaji wake hupendelea kuiita maktaba) hufanya kazi hasa katika kivinjari, na vyote vitatu hutegemea lugha ya JavaScript.

Tofauti ya njia hizi inaweza kufafanuliwa kwa mfano wa fasihi. Njia ya seva ni sawa na kumpelekea msomaji riwaya iliyokwisha kupigwa chapa: anafungua na kusoma. Njia ya mteja ni sawa na kumpelekea mswada wa tamthilia pamoja na maelekezo ya jukwaani, ila jukwaa, waigizaji na taa ni juu yake. Mwenye jukwaa zuri atapata onyesho linalopita kitabu kwa uhai. Asiye nalo ataketi mbele ya pazia lililofungwa, yaani ukurasa mweupe usio na neno.

Wakenya wengi wamezitumia njia zinazokaribiana na hizi hata kabla ya kumiliki simu zenye intaneti. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, menyu yake ilikuwa imehifadhiwa katika kadi ya simu yenyewe. Huo ulikuwa upande wa mteja. Kinyume chake, mtu anapobonyeza *334#, kila hatua ya menyu hutoka katika mitambo ya kampuni na simu huonyesha maandishi tu. Huo ni upande wa seva. Menyu iliyo kwenye kadi hufunguka papo hapo, lakini kuibadilisha kunalazimu kadi za wateja zifikiwe. Menyu ya mitamboni hubadilishwa mahali pamoja tu, lakini mawasiliano yakikatika, mazungumzo yote huvunjika. Ubora na udhaifu wa njia mbili za tovuti umo katika mfano huu.

3.0 Historia kwa Ufupi

Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha CERN, alikusudia nyaraka zilizounganishwa kwa viungo. Seva ilitoa waraka, kivinjari kikauonyesha. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani PHP, iliyorahisisha kazi ya seva ya kuutunga ukurasa kutokana na data iliyohifadhiwa. Mwaka huohuo Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliunda JavaScript kwa muda wa siku kumi hivi. Ilinuiwa kufanya kazi ndogondogo, kama vile kukagua fomu kabla haijatumwa.

Mambo yalibadilika Gmail ilipotokea mwaka 2004 na Google Maps mwaka 2005. Ilidhihirika kwamba sehemu ya ukurasa inaweza kubadilika bila ukurasa mzima kupakiwa upya. Jesse James Garrett aliuita mtindo huo Ajax mwaka 2005. Ndipo vikafuata viunzi: AngularJS mwaka 2010, React mwaka 2013 na Vue mwaka 2014. Hata hivyo, safari haikuwa ya mbele tu. Mwaka 2016 kulitokea Next.js, kiunzi kinachoziwezesha kurasa za React kutayarishwa katika seva. Kwa hivyo, anayedai kwamba njia ya seva ni ya kale na ya mteja ndiyo ya kisasa ameisoma nusu ya historia.

4.0 Kadhia ya Twitter

Mfano unaofaa kuzingatiwa ni wa Twitter, mtandao ambao tangu 2023 huitwa X. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilizindua tovuti mpya ambamo kurasa ziliundwa katika kivinjari. Mwezi Mei 2012 wahandisi wake walitangaza kwamba wameirudisha kazi hiyo katika seva. Sababu yao ilikuwa wazi: msomaji alilazimika kungoja JavaScript ipakuliwe kisha itekelezwe kabla ya kuona ujumbe wowote. Kwa mujibu wa taarifa yao, baada ya mabadiliko hayo muda wa kungojea ujumbe wa kwanza ulipungua hadi sehemu moja kwa tano ya ule wa awali.

Kadhia haikuishia hapo. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo ilitoa Twitter Lite, iliyotumia React na kukusudiwa watu wenye mitandao dhaifu. Je, huku si kujipinga? La. Anayefungua Twitter mara kumi kwa siku huhifadhiwa msimbo katika simu yake mara moja, kisha baadaye huletewa data ndogo tu. Gharama ya mwanzo hugawanywa kwa ziara nyingi. Anayefika mara moja kutafuta ujumbe mmoja huilipa gharama yote peke yake. Swali la msingi, basi, ni hili: msomaji wetu ni yupi kati ya hawa wawili?

5.0 Vigezo vya Kupimia

5.1 Uzito wa ukurasa

Tuchukue shairi la beti 20, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo herufi 40 kwa makadirio. Jumla ni herufi 3,200, takriban kilobaiti tatu. Kiunzi cha JavaScript, hata baada ya kubanwa, aghalabu huwa na makumi ya kilobaiti, na msimbo wa tovuti yenyewe huja juu yake. Msomaji anapakua chombo kilicho kizito mara kadhaa kuliko chakula kilichomo. Aidha, gharama haiishii kwenye bando. Simu yenyewe sharti iusome na kuutekeleza msimbo huo, na simu ya bei nafuu huchukua muda mrefu kuliko tarakilishi ya fundi aliyeijaribu tovuti ofisini. Opera Mini nayo, katika hali yake ya kubana data kabisa, huzipitisha kurasa kwenye seva za kampuni ya Opera na huipa JavaScript nafasi finyu. Ukurasa uliotayarishwa katika seva hupita humo salama. Unaotegemea kiunzi unaweza kufika ukiwa mtupu.

5.2 Kupatikana na kuhifadhiwa

Mitambo ya utafutaji hutuma programu za kusoma kurasa. Ile ya Google huweza kutekeleza JavaScript, lakini huifanya kazi hiyo katika hatua tofauti na ile ya kuuchukua ukurasa. Programu nyingine nyingi za aina hiyo haziitekelezi kabisa. Hali kadhalika, mashirika yanayohifadhi nakala za tovuti, kama vile Internet Archive, huipata shida kubwa zaidi tovuti inayojiunda katika kivinjari kuliko ukurasa wenye maandishi kamili. Kwa lugha yenye matini nyingi mtandaoni, hasara hii inavumilika. Kwa Kiswahili, ambacho matini zake bado ni chache huko, kila makala isiyoonekana ni pengo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hutayarishiwa kurasa zake katika seva na programu ya MediaWiki iliyoandikwa kwa PHP. Ndiyo maana makala zake husomeka hata pale JavaScript inapozimwa.

5.3 Usahihishaji wa mazoezi

Chochote kilichopelekwa katika kivinjari kimo mikononi mwa msomaji. Tukitunga zoezi la ngeli na kuyaweka majibu ndani ya msimbo wa upande wa mteja, mwanafunzi mjanja atayasoma kabla ya kujibu. Zoezi la kujipima halidhuriki kwa hilo. Mtihani wenye alama hudhurika, na usahihishaji wake sharti ufanyike katika seva.

5.4 Mtandao unapokatika

Hapa njia ya mteja ina haki yake. Tuchukulie kamusi ya vidahizo 20,000, kila kimoja na maelezo ya herufi 200. Jumla ni herufi milioni nne, takriban megabaiti nne kabla ya kubanwa. Kamusi hiyo inaweza kupakuliwa mara moja, ikahifadhiwa katika simu, kisha ikatumika hata mahali pasipo na mtandao. Mwanafunzi akiandika "wanasoma", msimbo uliomo katika kivinjari unaweza kuvua viambishi na kumfikisha kwenye "soma" bila kuisumbua seva. Njia ya seva pekee haimwezeshi kufanya hivyo. Fauka ya hayo, kazi kama kuhesabu mizani mtunzi anapoandika, au kuhariri matini kwa ushirikiano, huchosha iwapo kila herufi itasubiri jibu kutoka mbali.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na vigezo hivi, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, majarida, diwani na hazina za simulizi zitayarishwe katika seva, kila matini iwe na anwani yake ya kudumu, na ukurasa utangaze lugha yake kwa alama ya "sw", ili programu zinazowasomea wasioona zijue ni Kiswahili zinachosoma. Pili, JavaScript iongezwe juu ya ukurasa ulio kamili, si badala yake. Tatu, viunzi vya upande wa mteja vitengewe zana zinazotumiwa mara kwa mara au bila mtandao, kama kamusi na vihariri. Nne, kabla ya kuipokea tovuti yoyote, chama kifanye jaribio rahisi: kizime JavaScript katika kivinjari, kifungue makala moja kwa simu ya bei nafuu, kisha kitazame kama makala inasomeka.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Viunzi vya JavaScript vina manufaa yake, lakini hubadilika upesi. AngularJS, iliyotolewa mwaka 2010, ilisitishiwa huduma na Google mwanzoni mwa mwaka 2022, na waliokuwa wameijengea kila kitu wakabaki na msimbo usiohudumiwa tena na waundaji wake. Ukurasa wa maandishi uliotolewa na seva mwaka 1995 bado hufunguka katika vivinjari vya leo. Sisi tunaoshughulika na tenzi zilizodumu kwa karne kadhaa katika miswada tuna sababu ya kuuliza, kabla ya kuidhinisha tovuti yoyote, kama itaweza kudumu walau kwa muda wa masomo ya mwanafunzi mmoja.