Dada, Nimeshindwa Kuwaokoa Wote

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo tuweke pembeni mambo ya wachumba na ada za chuo. Tangu niseme hapa kwamba napenda gemu za mazombi, mmenibana na jambo moja: Dead Rising inawatoa machozi. Mnakesha, mnapambana, watu mliotaka kuwaokoa wanakufa, hadithi inakatikia njiani, mnaanza upya. Mnaniuliza kama muiache.

Msiiache. Badilisheni namna ya kuicheza.

Kwa ambao hamjaigusa: gemu hii ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2006, kwa ajili ya Xbox 360. Wewe ni Frank West, mwanahabari mpiga picha. Helikopta inakushusha kwenye paa la jengo kubwa la maduka huko Willamette, mji wa kubuni katika jimbo la Colorado, Marekani. Chini yako mazombi wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Helikopta itarudi baada ya saa 72. Katika muda huo utafute kilichousibu mji, uokoe utakaowaweza, na saa ya kuondoka ikukute juu ya paa.

Utamu wake unaanza ukishuka tu madukani, maana karibu kila unachokiona kinashikika. Benchi, gitaa, chungu cha maua, toroli la supamaketi, vyote ni silaha. Kikaango ukikiweka jikoni kikapata moto, zombi atakijua. Mashine ya kukata nyasi inafyeka njia nzima. Mimi nilinogewa siku niliyookota mwavuli mkubwa, ule wa kuwekea kivuli mezani, nikaufungua mbele yangu na kukimbia nao katikati ya umati. Mazombi walikuwa wanasukumwa huku na huku, nami nikatokea upande wa pili bila kuguswa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Halafu kuna kamera: picha nzuri inakupa pointi, pointi zinakupandisha levo, na levo zinakuongezea uhai, nguvu na nafasi za kubebea vitu. Wenye moyo mgumu wana tuzo yao pia, ya kuua mazombi 53,594, yaani idadi ya wakazi wote wa mji ule.

Sasa karaha. Nyingi zinatoka kwenye saa. Saa moja ya Willamette ni kama dakika tano zako, kwa hiyo zile saa 72 zinakwisha kwa saa sita ukiwa umekaa kwenye kochi. Kila tukio la hadithi lina muda wake, na kila mtu aliyejificha dukani ana muda wake. Ukiwa huku unamtoa mmoja, kule mwingine muda wake unakwisha, nawe unauona mstari wake ukipungua. Katikati ya hayo Otis, mzee wa usafi aliyeko chumba cha ulinzi, anakupigia redio. Ukipokea, Frank anabaki na redio sikioni na hawezi kupigana. Ukishambuliwa mawasiliano yanakatika, naye anapiga tena kukulaumu kwamba umemkatia. Kwa toleo lile la kwanza, watu wenyewe unaowaokoa ni wazito: unamwita, anageuka kupigana na zombi, anazingirwa, unarudi kumtoa, na wewe unang'atwa.

Kubwa kuliko yote ni kusevu. Unasevu chooni au kwenye kochi la chumba cha ulinzi, na nafasi ya kuhifadhi ni moja tu. Ukisevu ukiwa umeshachelewa, umejifungia huko huko.

Mimi na kaka yangu tuliicheza nyumbani kwenye TV ya kichogo, kwa konsoli aliyoleta mjomba kutoka Dubai. Maandishi yalitengenezwa kwa ajili ya televisheni mpya, kwa hiyo kwetu yalionekana kama mstari wa sisimizi. Tulikuwa tunapiga magoti mbele ya kioo, kaka anasoma herufi moja moja, mimi nashika pedi. Usiku mmoja tulikuwa tunaongoza watu wanne. Tuliwavusha uwanja wa katikati, wakati wafungwa watatu watoro wanazunguka na jeep yenye bunduki ya rashasha. Tukaingia Paradise Plaza, ghala likawa mbele yetu, na ukipita ghala unapanda juu ya paa, unaingia bomba la hewa, umefika salama chumba cha ulinzi. Umeme ukakatika. Hatukuwa tumesevu kwa zaidi ya saa nzima. Kaka alikaa gizani bila kusema neno, kisha akaniambia, "Yule mama alikuwa anachechemea mpaka pale." Ndipo nilipojua gemu hii imemgusa. Hakulilia pointi. Alimlilia mtu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uchungu wako naujua na siudharau. Lakini sikiliza. Mtaka yote hukosa yote, na gemu hii imejengwa juu ya neno hilo. Walioitengeneza wamepanga mambo yagongane kwa makusudi. Mara ya kwanza ni vigumu sana kumaliza hadithi na kuokoa kila mtu pia. Ukikubali hilo tangu mwanzo, nusu ya hasira inaondoka.

Fanya hivi. Mzunguko wa kwanza uwe wa kukua. Ukifa unapewa uchaguzi: urudi ulipohifadhi mara ya mwisho, au uhifadhi levo zako uanze hadithi mwanzo. Wengi mnang'ang'ania kurudi kwa sababu kuanza upya mnakuona ni kushindwa. Sivyo. Frank wa mzunguko wa pili ana uhai zaidi na nafasi zaidi za kubebea, na wewe unayemwongoza unajua duka gani liko wapi na nani amejificha ndani yake. Hicho kichwa hakuna anayekunyang'anya.

Kabla hujatoka chumba cha ulinzi, tazama saa, kisha amua safari hii ni ya hadithi au ya watu. Ukitoka kwa ajili ya hadithi, Otis akikutajia mtu wa mbali, msikilize, endelea na njia yako. Ukitoka kwa ajili ya watu, chukua wa upande mmoja wa jengo, warudishe, ndipo utoke tena. Wape silaha mkononi, na wakidhoofika wape chakula. Tangulia mbele usafishe njia, kisha waite. Hakikisha wamekukaribia kabla hujafungua mlango, la sivyo wanabaki. Ikifika saa moja usiku macho ya mazombi yanakuwa mekundu na ukali unaongezeka, kwa hiyo safari ndefu zimalize mchana. Beba juisi ya chungwa. Na kila ukipita choo ukiwa na muda wa kutosha mkononi, sevu.

Ukishapata nguvu kidogo, nenda Wonderland Plaza ukamkabili Adam, yule mchekeshaji mwenye chenso mbili. Ni mkali, lakini faida yake ni kubwa. Anaacha chenso zake, na ukibeba vitabu vinavyoongeza uimara wa silaha, chenso moja inakaa muda mrefu sana. Pale pale utamwokoa Greg, naye atakuonyesha njia ya siri ya chooni inayokupeleka moja kwa moja Paradise Plaza. Njia ile inakuepusha na wale wa jeep. Laiti tungeijua usiku ule.

Kama mishipa yako haihimili kabisa, tafuta Deluxe Remaster ya mwaka 2024. Inahifadhi yenyewe unapopita kutoka eneo moja kwenda jingine, watu unaowaokoa wana akili zaidi, na unaweza kutembea huku umelenga. Ile saa imebaki, na nafurahi imebaki, maana bila saa ungekuwa unatembea tu madukani.

Sasa neno la dada. Gemu hii ni ya watu wazima. Kuna damu nyingi, na wale wabaya walio hai wanatisha kuliko mazombi. Usiicheze sebuleni mdogo wako wa miaka minane akiwa pembeni, hata akikuapia kwamba haogopi. Atalala na picha zile. Na wewe ukiona meno yanasagana, ukaanza kumjibu mama kwa ukali kwa sababu kakuita katikati ya pambano, weka pedi chini. Nenda kaitike. Sitisha gemu, saa ya Willamette itasimama na kila mtu wako atakaa pale pale ulipomwacha.

Wiki iliyofuata umeme ulipotulia, mimi na kaka tulianza mwanzo kabisa. Hatukuwafuata wote. Tulichagua wanne, tukasevu njiani mara mbili, tukawafikisha kwenye bomba la hewa mmoja mmoja. Yule mama anayechechemea alikuwa wa kwanza kuingia. Kaka alidai aingie yeye kwanza.

Basi leo ukifika kwenye choo, sevu. Zima, ulale. Kesho utaniambia umemwokoa nani.