Ziba mlango wa uani, usizibe hewa

Miezi ya Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi na Limuru huwatesa zaidi wanaoishi katika nyumba za zamani, kama zile za Kaloleni zilizojengwa miaka ya 1940. Mbao zimepinda, na mlango wa uani ambao haujafunguliwa kwa miaka hupitisha upepo usiku kucha. Kuuziba ni jambo jema, hasa ikiwa una mtoto mchanga, mzee au mgonjwa wa pumu. Lakini fanya hivyo kwa njia isiyokuletea maradhi mengine.

Ikiwa mlango huo ndio njia yako ya pili ya kutorokea moto unapozuka, usiupigilie misumari. Acha komeo lifanye kazi na ufunguo uwe karibu.

Washa kijiti cha udi ukipitishe polepole kando ya fremu. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa. Mara nyingi ni chini, kwenye kizingiti, na mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga watosha. Kwenye miimo bandika utepe wa mpira. Rangi kuukuu usiikwangue ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Ilowanishe, na watoto pamoja na waja wazito wakae mbali. Ukiona unyevu, tafuta unakotoka kabla ya kupigilia ubao, la sivyo kuvu itaota nyuma yake na mwenye pumu atazidi kukohoa.

Hatari kubwa, msomaji, ni jiko. Wengine wakishaziba mlango huziba pia matundu ya hewa juu ya madirisha kwa magazeti (natumaini si hili), kisha huingiza jiko la makaa chumbani wapate joto. Hudhani makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, hayana madhara. Sivyo. Hayo hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala huenda asiamke. Jiko likae nje, nawe uongeze blanketi.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Nyumba nzima ikiamka na maumivu ya kichwa, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie kununua dawa za malaria. Toa kila mtu nje na mwende hospitali mara moja, hata mliopata nafuu. Mwambie daktari kwamba mlilala na jiko, kwani kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni chaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mgonjwa amezidiwa. Atapewa oksijeni kwa barakoa. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu mwilini. Kwa oksijeni safi, kama saa moja na nusu.