Ripita ya Rondo isizimike masika

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika huko Somanga, Kilwa. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku kama hizo ndizo humfanya mpenzi wa redio za ridhaa aangalie juu, kule kwenye mwinuko wa Rondo mkoani Lindi, pa kuweka ripita: redio inayopokea ishara na kuirusha tena.

Mwinuko ule unapita mita 800 kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo, mawimbi ya mita mbili hufika kama kilomita 115 pasipo na kilima cha kuyazuia. Lindi mjini inaingia bila jasho, Mtwara kwa kubahatisha. Kilwa Masoko iko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo usiwaahidi watu wa Kilwa kitu. Antena isimame ukingoni mwa mwinuko, maana huko katikati ni tambarare na miti inameza mawimbi. Kukata miti usithubutu, msitu wa Rondo ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu. Tafuta eneo la kijijini, na leseni uwe umeshaichukua TCRA, mamlaka ya mawasiliano. (Kijiji kimoja huko juu kinaitwa Mnara, sijui kama utapata ishara nzuri zaidi ya hiyo.)

Ripita nyingi hufa kwa umeme. Tuseme yako inakula nusu ampea ikisikiliza na ampea 8 ikirusha wati 25. Ikirusha saa mbili na nusu kwa siku, inamaliza kama ampea-saa 30. Masika mawingu yanaweza kukaa siku tatu, hizo ni 90. Na betri ya maji au ya jeli usiishushe chini ya nusu. Unahitaji ya ampea-saa 200. Sasa punguza nguvu hadi wati 10: matumizi yanashuka kwa karibu theluthi, na msikilizaji wa Lindi hatajua kama umegusa kitu. Mafundi hawapendi kuambiwa hivi, kila mtu anataka ripita yake ingurume. Mimi ningeanza na wati 10 na nisingepanda. Weka pia kikomo cha kurusha cha dakika 3 mfululizo, maana kuna siku mtu ataikalia redio yake kwenye kiti cha gari na kitufe kibaki kimebonyezwa mpaka jioni.

Halafu radi. Udongo wa Rondo ni wa kichanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya shaba uliyoipigilia Mei ukaipima ikakuridhisha, Oktoba itakudanganya. Pigilia kadhaa, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, uziunganishe kwa waya mnene wa shaba uliofukiwa. Mguu wa mnara, ngao ya kebo na sanduku la ripita vyote vifungwe kwenye waya huo mmoja.

Ripita ikianza kusikia vibaya huku inarusha vizuri, usikimbilie kuilaumu redio. Fungua maungio ya antena kwanza. Ukiona shaba imegeuka kijani, maji yameingia: kata kipande hicho, weka ungio jipya, zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na chini yake acha kebo ining'inie kidogo ili tone lidondoke kabla ya kufika sandukuni. Kama maungio ni mazima, geukia mitungi ya kichujio kinachotenganisha kupokea na kurusha. Masafa ya kupokea na ya kurusha yameachana kilohezi 600 tu, na mtungi ukihama masafa kidogo kwa joto ripita inajiziba masikio yenyewe.

Matundu ya hewa ya sanduku yafunikwe kwa wavu wa chuma, nyigu wasijenge ndani. Kisha tafuta jirani wa kulipwa kila mwezi, hata kama ni kidogo. Kazi yake ni kufuta vumbi kwenye sola na kuandika volti za betri asubuhi kabla jua halijapanda. Zikiteremka chini ya 12 siku mbili mfululizo, akupigie. Na ufunguo wa sanduku akae nao yeye, si wewe uliye Lindi mjini, kwani siku ripita itakapozimika huenda na barabara ya kupandia haipitiki.