Bajeti ya Chakula ya Familia: Kununua kwa Kipimo na Kununua kwa Jumla

Mada hii huonekana nyepesi, na ndiyo maana wanafunzi wengi hupoteza alama. Wakiulizwa familia iokoe vipi pesa ya chakula, huandika "inunue kwa jumla kwa sababu jumla ni nafuu", kisha hukimbilia swali linalofuata. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya jibu. Kama jumla ni nafuu na kila mtu anajua hivyo, kwa nini nyumba nyingi za mtaani kwako bado zinanunua mafuta ya kupima kila jioni? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa hesabu, umeielewa sura hii.

Anza na mwenyewe. Huenda ni wewe unayetumwa dukani. Unapewa sh. 1,000 na kikombe cha plastiki, unarudi na mafuta ya kupikia mboga ya leo. Kesho unatumwa tena.

Maneno ya kushika

Bajeti ya chakula ni mpango unaoonyesha familia itatumia kiasi gani cha pesa kwa chakula katika muda fulani, kwa kawaida wiki au mwezi. Bei ya rejareja ni ile unayolipa ukinunua kidogo kwa matumizi yako. Bei ya jumla hulipwa na anayenunua kiasi kikubwa kwa mara moja. Neno muhimu kuliko yote hapa ni bei kwa kizio, yaani bei ya lita 1 au kilo 1. Huipata kwa kugawa bei uliyolipa kwa kiasi ulichopata. Usilinganishe bidhaa mbili kabla ya kuzileta kwenye kizio kimoja.

Kumbuka pia Kanuni ya Engel. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Maana yake ni kwamba shilingi mia inayookolewa jikoni ina uzito mkubwa zaidi kwa familia ya kipato kidogo kuliko kwa familia tajiri.

Mfano wa 1: Mafuta ya kupikia

Bei zote katika sura hii ni za mfano. Weka za soko lenu ufanye hesabu upya.

Familia ya watu sita hutumia mililita 125 za mafuta kwa siku. Dukani, kipimo cha mililita 125 ni sh. 1,000. Dumu la lita 5 ni sh. 30,000.

Lita 1 ina vipimo 8 vya mililita 125. Kwa hiyo bei ya lita 1 kwa kupima ni 8 × 1,000 = sh. 8,000. Kwa dumu ni 30,000 ÷ 5 = sh. 6,000.

Kwa siku 30 familia hununua vipimo 30, yaani inalipa sh. 30,000 na kupata lita 3.75. Tazama hapo vizuri. Hiyo sh. 30,000 ndiyo bei ya dumu zima. Familia imelipa pesa ya lita 5, imepata lita 3.75. Lita 1.25 zilizokosekana zingetosha kupikia siku 10 zaidi. Kwa siku moja, mafuta yale yale yanagharimu sh. 1,000 kwa kipimo na sh. 750 kwa dumu. Tofauti ni sh. 250 kila siku.

Kwa nini basi mama hanunui dumu?

Hapa ndipo wanafunzi huandika "kwa sababu ya kukosa elimu". Usiandike hivyo. Mama anayenunua mafuta ya sh. 1,000 anazijua bei kuliko wewe na mimi. Tatizo ni kwamba pesa yake inaingia kwa siku: ya kibarua, ya kuuza mboga, ya bodaboda. Pesa inayoingia kwa siku hutoka kwa siku. Jioni hiyo ana sh. 6,000 mkononi, na ndani yake kuna unga, mboga, mkaa na nauli ya kesho. Dumu la sh. 30,000 halimo humo, hata kama lina faida.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo analipa zaidi kwa kila lita. Andika sentensi hiyo kwenye daftari lako, kisha ongeza sababu yake: hana kiasi cha kuanzia.

Nakwambia hivi nikiwa na ushahidi. Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipanga chumba na sebule, nikiishi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa nafundisha uwiano na asilimia darasani, na jioni nakopa mafuta na sukari kwa Mangi, anaandika kwenye daftari. Mshahara ukitoka nalipa deni, nabaki na kidogo, tarehe 17 naanza kukopa tena. Sikuwahi kukaa chini kupiga hesabu ya nyumba yangu mwenyewe. Aliyenifungua macho ni jirani aliyekuwa akiuza maandazi. Yeye alinunua madumu kwa ajili ya biashara. Siku moja akasema, "Mwalimu, hayo mafuta ya kikombe yanakumaliza. Dumu moja tugawane nyumba tatu. Mimi natoa hela, nyie mtanirudishia kidogo kidogo." Niliona aibu kidogo, kisha nikakubali.

Mfano wa 2: Dumu la nyumba tatu

Tuutumie mpango wa jirani yule kwa bei zetu za mfano. Dumu la sh. 30,000 likigawanywa kwa nyumba tatu, kila nyumba inadaiwa sh. 10,000 na kupata takriban lita 1.67, yaani mafuta ya siku 13. Kila jioni nyumba inamrudishia aliyetanguliza pesa sh. 1,000, ile ile ambayo ingekwenda dukani. Baada ya siku 10 deni limekwisha, lakini mafuta bado yapo ya siku 3. Sh. 3,000 za siku hizo tatu zinaingia kwenye kibubu.

Zikiingia kwenye soda, mpango umekufa. Nimeona ukifa hivyo, pamoja na kwangu, awamu ya pili.

Zikibaki kwenye kibubu, baada ya awamu nne kuna sh. 12,000, na nyumba hiyo haihitaji tena mtu wa kuitangulizia. Ikitaka kwenda hatua inayofuata, ambayo ni unga, iendelee kuweka.

Mfano wa 3: Unga

Unga ndio mzigo mkubwa wa bajeti katika nyumba nyingi zinazokula ugali, kwa hiyo faida kubwa ipo hapa. Familia yetu hutumia kilo 1.5 za unga kwa siku, sawa na kilo 45 kwa mwezi. Sembe dukani ni sh. 1,500 kwa kilo, hivyo kwa mwezi inalipa sh. 67,500.

Sasa chukua debe la mahindi baada ya mavuno kwa sh. 12,500. Kusaga dona sh. 1,800. Bodaboda kutoka sokoni sh. 1,000. Jumla sh. 15,300. Tukadirie debe linatoa kilo 17 za dona: 15,300 ÷ 17 = sh. 900 kwa kilo. Kilo 45 zitagharimu sh. 40,500. Tofauti na sembe ya dukani ni sh. 27,000 kwa mwezi.

Zingatia nilivyohesabu bodaboda na mashine. Mwanafunzi anayelinganisha bei ya mahindi na bei ya unga, akasahau gharama za katikati, anapata faida isiyokuwepo. Nimetumia dona kwa sababu mahindi hayakobolewi: unalipia kusaga tu, pumba na kiini havitupwi, na virutubisho vinabaki. Kasoro yake ni kwamba dona haikai muda mrefu kama sembe, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Saga debe moja moja, usisage gunia zima.

Na sh. 15,300 za debe la kwanza zitoke wapi? Zipo kwenye mafuta. Ukiokoa sh. 250 kwa siku, 15,300 ÷ 250 ni kama siku 62. Miezi miwili ya mafuta inanunua debe la kwanza, na debe hilo linaokoa pesa ya kununulia la pili. Hivyo ndivyo familia inavyotoka kwenye kipimo bila kusubiri mshahara uongezwe.

Wakati wa kununua na namna ya kuhifadhi

Bei ya mahindi hufuata mavuno. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kama Mbeya, Ruvuma na Rukwa, mavuno huwa kati ya Juni na Agosti, na kipindi hicho bei huwa chini. Kuanzia Januari, akiba za watu zinapopungua na mashamba bado ni mabichi, bei hupanda.

Lakini ukinunua Julai ili ule Februari, umechukua kazi ya ghala. Adui wa kwanza ni wadudu, hasa dumuzi, ambaye wengi humwita Scania. Gunia la kawaida halimzuii. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia, huua wadudu kwa kuwakosesha oksijeni, mradi ifungwe barabara na isitobolewe na panya.

Adui wa pili ni unyevu. Mahindi yasiyokauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki dunia katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu katika chakula. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi yaliyovunda yanayouzwa nusu bei si nafuu. Usiyanunue hata kwa ugali wa siku moja. Kupima ukavu ni rahisi: tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu kidogo, funika, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji.

Mahali ambapo jumla haisaidii

Sukari. Kwa bei zetu za mfano, robo kilo ni sh. 800 na kilo nzima sh. 3,000. Robo nne ni sh. 3,200. Unaokoa sh. 200 kwa kilo. Tena, sukari ikiwa nyingi ndani, chai huwa tamu zaidi. Muulize yeyote mwenye wadogo nyumbani.

Nyanya, mchicha na samaki wabichi huoza. Hapo kinachosaidia ni saa ya kwenda sokoni, maana jioni wauzaji wengi huongeza fungu au hushusha bei ili wasirudi na mzigo.

Maharage hufaa kununua kwa wingi, lakini gharama yake haiishii sokoni, kuna mkaa. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, yanaiva mapema. Unaweza kuchemsha ya siku mbili kwa moto mmoja ukaunga ya leo tu. Ya kesho yaache bila nazi, kwa sababu nazi huchacha upesi, na yachemshe tena kabla ya kulala kama hakuna friji.

Vipimo vyenyewe pia viangalie. Sado, kopo la takriban lita 4, hupima ujazo, halipimi uzito. Kopo lililobonyezwa kitako linakuibia kila mara, hata bei ikiwa nzuri. Ukiweza, nunua kwa mizani.

Kuzungumza nyumbani

Ukimaliza sura hii utatamani kumwonyesha mama hesabu. Usifanye hivyo wakati anagawa chakula, wala mbele ya wageni. Tafuta wakati ametulia, muulize kwanza yeye hununua vipi na kwa nini. Kisha omba mwandike pamoja matumizi ya wiki moja, kila kitu, hata kiberiti. Wiki hiyo moja iliyoandikwa itawaonyesha mengi kuliko mifano yangu mitatu.

Maswali ya marudio

1. Familia hununua nusu kilo ya mchele kila siku kwa sh. 1,500. Mfuko wa kilo 25 unauzwa sh. 65,000, na nauli ya kuufuata ni sh. 2,000. (a) Tafuta bei ya kilo 1 kwa kila njia. (b) Mfuko utadumu siku ngapi? (c) Familia itaokoa kiasi gani mfuko ukiisha?

2. Katika Mfano wa 2, nyumba ya nne imejiunga. Kila nyumba itachangia kiasi gani, na itapata mafuta ya siku ngapi? Je, pesa inayookolewa kwa siku imebadilika?

3. "Familia zenye kipato kidogo hununua kidogo kidogo kwa sababu hazijui hesabu." Pinga kauli hii kwa hoja mbili na mfano mmoja wa namba.

4. Familia imenunua magunia matatu ya mahindi Julai. Eleza mambo manne yanayoweza kuigeuza faida hiyo kuwa hasara.

5. Andika matumizi yote ya chakula ya nyumbani kwenu kwa siku saba. Chagua bidhaa moja tu ya kuanzia na ueleze kiasi cha kuanzia kitapatikana wapi.

Majibu ya maswali ya hesabu

1. (a) Kwa nusu kilo: sh. 3,000. Kwa mfuko: 67,000 ÷ 25 = sh. 2,680. (b) Siku 50. (c) 75,000 − 67,000 = sh. 8,000.

2. Sh. 7,500, siku 10. Haijabadilika, bado ni sh. 250 kwa siku. Kilichopungua ni kiasi cha kuanzia.