Sauti, Nuru na Uamuzi katika Kriketi

Katika viwanja vya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, kriketi ilichezwa tangu zama za ukoloni. Mwamuzi husimama kiasi cha mita 20 kutoka kwa mpigaji. Je, mpira umeligusa gongo? Nuru humfikia mwamuzi papo hapo; sauti, iendayo mita 340 kwa sekunde, huchelewa sekunde 0.06. Katika muda huo mpira wenye mwendo wa mita 30 kwa sekunde husafiri mita 1.8. Hivyo asikiapo mguso, macho yake yanauona mpira ukiwa umekwisha lipita gongo. Ni rahisi kudhani umegusa nguo tu. Penye shaka, desturi humnusuru mpigaji.

Zoezi: Kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 34, mpira utakuwa umesafiri mita ngapi? (Jibu: 3.)