SOMO LA KIKUNDI: KUTAMBUA NA KUREKEBISHA HITILAFU ZA BOMBA LA MAJI MACHAFU NYUMBANI



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vikundi vya kujifunza vya vyama vyetu vya Mang'ula na vijiji vya jirani. Yafaa Katibu alisome kwa sauti, sehemu moja moja, na wanachama waulizane kabla ya kuendelea. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu

Katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na ya Morogoro mjini, maji machafu ya nyumba huingia katika bomba kuu la mji, na mwenye nyumba hayaoni tena. Mang'ula hatuna bomba hilo. Maji yatokayo chooni, bafuni na jikoni huishia katika ardhi ya ua wetu wenyewe, na pengine kisima cha jirani kimechimbwa katika ardhi hiyo hiyo.

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ikaanzishwa mwaka 1992, makao yake yakiwa hapa. Tangu hapo makazi yetu yamekua. Mwanachama auzaye miwa au mpunga, akijaliwa mavuno mema, hujenga nyumba ya tofali na kutia choo cha maji ndani. Hayo ni maendeleo. Lakini choo cha shimo cha zamani kilikuwa na taabu chache, na kubwa yake ilikuwa kujaa. Choo cha ndani kina bomba, viungo, chemba, karo na shimo la kunyonyea, na kila kimoja huharibika kwa namna yake.

Mwenye nyumba asiyezijua tofauti hizo husema neno moja tu, "karo limejaa", akaita gari la kunyonya maji machafu. Gari hulipwa na safari yake hulipwa. Juma la pili maji yanarudi bafuni, kwa sababu karo halikuwa na kosa: bomba lilikuwa limeziba, au ardhi ilikuwa imeshiba maji ya masika. Fedha ya mavuno imekwenda bure. Hapana budi, basi, kutambua kwanza mahali penye hitilafu, ndipo fedha itolewe.

2. Njia ya maji machafu

Maji hutoka chooni kwa bomba la inchi 4, yakaenda kwenye chemba, yaani kishimo kidogo cha tofali chenye mfuniko. Kutoka chemba huingia katika karo. Humo uchafu mzito huzama chini na kuwa tope. Mafuta na vyepesi huelea juu na kufanya utando. Maji ya katikati hutoka upande wa pili kwenda katika shimo la kunyonyea, na ardhi huyanywa.

Tafadhali mkumbuke jambo moja: karo zima, lisilo na kosa lolote, hujaa maji wakati wote hadi usawa wa bomba la kutokea. Mtu afunuaye mfuniko na kuona maji asidhani ameona ugonjwa. Ugonjwa ni maji kupanda juu ya usawa huo, au tope kuzidi kiasi.

3. Dalili za kuangalia

(a) Sinki moja au bafu moja tu linachelewa kupitisha maji, na mengine yote ni mazima. Kosa liko karibu, katika mkunjo wa bomba wa sinki hilo au bafu hilo.

(b) Maji yakimwagwa chooni, bafu linabubujika, au maji machafu yanatokeza sakafuni. Kosa liko katika bomba kubwa au mbele yake.

(c) Harufu mbaya imo ndani ya nyumba, lakini maji yanapita vizuri. Aghalabu mkunjo wa bomba umekauka kwa kutotumika, au bomba la kutolea hewa limeziba au halikuwekwa kabisa.

(d) Wakati wa kiangazi, majani yote ya uani yamekauka, lakini msitari mmoja umesitawi na kuwa kijani kibichi. Chini yake bomba limepasuka au kiungo kimeachia.

(e) Taabu huja kila masika na kutoweka kila kiangazi. Kosa liko ardhini, wala si katika bomba.

4. Jaribio la chemba

Watu wawili watoshao kazi hii. Mmoja afunue chemba iliyo karibu na nyumba. Mwingine amimine ndoo mbili za maji chooni.

Chemba ikibaki kavu huku choo kikijaa, bomba limeziba kati ya nyumba na chemba. Maji yakifika chembani na kupita upesi, bomba hilo ni zima. Chemba ikiwa imejaa kabla hata ya kumimina, kosa liko mbele yake. Hapo mfunue mfuniko wa karo mkisimama kando. Maji ya karo yakiwa katika usawa wake wa kawaida, kizuizi kiko kati ya chemba na karo, au utando umeziba mdomo wa bomba liingialo. Yakiwa yamepanda juu ya bomba la kutokea, kosa liko kwenye bomba hilo au katika shimo la kunyonyea.

Jaribio hili halina gharama, nalo huonyesha kama aitwe fundi bomba, gari au mchimbaji.

5. Kuzibua na kurekebisha bomba

Ukiziba mkunjo wa sinki moja, tumia kikombe cha mpira chenye mpini, au fungua mkunjo ukiwa umeweka ndoo chini yake. Ikiwa ni bomba kubwa, vaa glavu na mabuti, kisha ingiza ufito mrefu wa mwanzi uliopasuliwa, au waya wa kuzibulia, ukianzia chembani kurudi upande wa nyumba. Kizuizi kikiachia, mwaga ndoo kadhaa za maji kusukuma mabaki. Usimimine tindikali: huunguza mtu, huharibu viungo, na huua vijidudu viozeshavyo uchafu ndani ya karo.

Kuzibua si kutengeneza. Bomba lizibalo mara mbili kwa mwaka lina sababu, nayo itafutwe.

Sababu ya kwanza ni vitu viingizwavyo. Pedi, nepi, vitambaa na magunzi havina nafasi katika choo cha maji. Vivyo hivyo majivu na mchanga wa kusugulia sufuria, na matope ya shambani yaoshwayo miguuni bafuni: hutua katika bomba na kuganda. Miguu ioshwe nje, na mafuta ya kupikia yasimwagwe katika sinki.

Sababu ya pili ni mteremko. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita moja. Kwa mita 10, basi, mwisho wake uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 20 hadi 25. Fundi apime kwa pima maji au kwa mpira wa maji, wala asikisie kwa jicho. Kila kona iwe na chemba, kwa maana kona isiyo na chemba haifikiwi na ufito.

Sababu ya tatu ni mizizi. Mwembe na mkuyu hutafuta maji, na mizizi yake huingia katika kiungo kilicholegea. Kuikata kwa waya ni nafuu ya muda. Dawa ni kufukua, kubadilisha kiungo na kukigandisha barabara.

6. Karo na wakati wa kulinyonya

Chukua ufito mrefu, uzungushie kitambaa cheupe, uuteremshe hadi chini, ungoje dakika chache, kisha uutoe polepole. Sehemu iliyochafuka kwa weusi ni kimo cha tope. Tope likifikia theluthi moja ya kina cha maji, gari liitwe. Likiwa chini ya hapo, fedha ikae mfukoni.

Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi. Katika masika, maji ya ardhini husukuma kuta za karo lililo tupu. Karo la tofali laweza kupasuka, na tangi la plastiki laweza kuinuka likang'oa mabomba. Tope linyonywalo lisimwagwe mtaroni wala katika majaruba ya mpunga.

7. Masika, udongo na kisima

Wakaao chini ya mlima wana udongo wa mawe unyonyao haraka mno, na uchafu waweza kufika mbali kabla ya kusafika. Wakaao upande wa bonde la mto Kilombero wana udongo mzito, na maji ya ardhini huwa karibu wakati wa mvua. Kabla ya kuchimba shimo la kunyonyea, chimba kishimo kidogo, kijaze maji, ukiache usiku kucha, kisha ujaze tena na kupima. Ikiwa maji hayashuki hata sentimita 2 na nusu kwa saa nzima, mahali hapo hapafai. Tafuta penye mwinuko, au ujenge tuta la mchanga na kokoto juu ya ardhi.

Shimo liwe walau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Maji ya paa yasiunganishwe na karo kamwe, na midomo ya chemba iinuliwe juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Mafuriko ya mwaka 2024 katika bonde letu yametukumbusha kwamba maji ya mvua na maji ya choo yakikutana, kipindupindu hakiko mbali.

8. Hatari mbili

Ya kwanza ni hewa ya karo. Mtu yeyote asiingie ndani ya karo wala shimo, hata kwa dakika moja, hata kuokota ndoo. Hewa hiyo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na amfuataye kumwokoa huanguka juu yake. Moto nao usikaribishwe.

Ya pili ni mbu. Mbu aina ya kuleksi, aenezaye matende na mabusha, huzaliana katika maji machafu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za polistirini zinazoelea, na mbu hao wakapungua sana. Sisi tuzibe nyufa za mifuniko kwa saruji, na tufunge wavu juu ya bomba la kutolea hewa.

9. Kazi ya chama

Msingi wa saba wa ushirika, uliopitishwa Manchester mwaka 1995, ni kuijali jamii. Chama chaweza kununua waya mmoja wa kuzibulia, glavu, mabuti na mpira wa maji, na kuviazimisha kwa daftari. Katibu aweza kuandikisha nyumba zinazohitaji gari ili liitwe mara moja kwa wote na gharama ya safari igawanywe. Kazi ianze katika choo cha ofisi na ghala la chama, kwa maana mwanachama hujifunza zaidi kwa kuona.

Maswali ya majadiliano

1. Ni nyumba ngapi za kikundi chetu zilizoita gari mara mbili katika mwaka mmoja? Je, chemba ilifunuliwa kwanza?
2. Kisima kilicho karibu na karo lako kiko umbali wa hatua ngapi? Nani hunywa maji yake?
3. Karo la chama lilipimwa lini kwa ufito?
4. Kikundi kichague nyumba moja, kifanye jaribio la chemba, na Katibu aandike matokeo ili yasomwe katika mkutano ujao.